Namba Hasi Katika Majaribio ya Takwimu: Alama Isitupwe

Katika hesabu zote hakuna alama iliyo ndogo kuliko ile ya kutoa. Ni mstari mmoja mfupi ulalao mbele ya namba, na mwandishi mwenye haraka aweza kuusahau pasipo kutambua. Hata hivyo mstari huo ndio utenganishao faida na hasara, kupanda na kushuka, na, kama nitakavyoonyesha katika makala haya, tiba iokoayo na tiba idhuruyo.

Kusudi langu ni kujadili jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa takwimu, na pengine walimu wao: nini kifanyike pale ambapo jaribio la nadharia tete linatoa jibu lililo hasi? Katika miaka niliyofundisha somo hili chuoni nimeona majibu ya namna tatu. Mwanafunzi wa kwanza hushtuka, hudhani amekosea, akaanza kufuta kazi yake. Wa pili huilinganisha namba yake na ile iliyomo katika jedwali, huona kwamba namba hasi ni ndogo kuliko namba chanya, na hukata shauri kwamba hakuna tofauti. Wa tatu, aliyekariri kanuni, huifuta alama na kuendelea mbele kana kwamba haikuwapo kamwe. Huyu wa tatu ndiye apataye maksi zote. Naye ndiye ninayemhofia kuliko wenzake, maana kosa lake halionekani mpaka siku hesabu itakapohusu maisha ya watu.

Maoni yangu ni haya. Alama ya kutoa hukutana na mtafiti katika hatua tatu: wakati wa kuandika vipimo, wakati wa kutazama jedwali, na wakati wa kutoa hukumu. Katika hatua ya kwanza ni marufuku kuifuta. Katika ya pili yaweza kuwekwa kando kwa muda, iwapo swali lililoulizwa linaruhusu. Katika ya tatu hapana budi irudishwe mahali pake. Tukifundisha hatua ya pili peke yake, kama tufanyavyo aghalabu, tunamfundisha mwanafunzi theluthi moja tu ya kazi.

Hasi si ubaya

Yafaa kwanza tuondoe utata wa neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku neno "hasi" limekuja kumaanisha kitu kibaya au kisichotakiwa: mawazo hasi, athari hasi, mtazamo hasi. Hospitalini nako, mtu aambiwapo kwamba kipimo chake cha malaria ni hasi, maana yake ni kwamba vimelea havikuonekana, naye hurudi nyumbani akiwa amefurahi. Basi neno moja limebeba maana mbili zinazopingana, na wala hakuna hata moja kati ya hizo iliyo maana ya kihesabu.

Katika hesabu, namba hasi hutuambia mwelekeo tu. Mwanahesabu wa Kihindi Brahmagupta, aliyeandika kanuni za namba hizi mwaka 628, alizieleza kwa mfano ambao hata mwenye duka wa leo angeuelewa: namba chanya ni mali, namba hasi ni deni. Deni la shilingi elfu moja si kitu kidogo kuliko mali ya shilingi kumi. Ni kitu kikubwa zaidi, ila kimeelekea upande mwingine. Vivyo hivyo, tukisema kwamba uhusiano kati ya mwinuko wa mahali na joto lake ni hasi, hatusemi kwamba uhusiano huo ni dhaifu au mbaya. Yeyote aliyepanda mlima Kilimanjaro anajua kwamba ni uhusiano wenye nguvu sana: kadiri upandavyo, ndivyo baridi izidivyo. Kipimo cha uhusiano chenye thamani ya −0.8 kina nguvu kuliko chenye thamani ya 0.3. Alama hutuonyesha upande. Ukubwa hutuonyesha nguvu. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Hatua ya kwanza: mahindi ya Darwin

Na tuchukue mfano wa kweli, tena wa zao tulijualo vema. Mwaka 1876 Charles Darwin alichapisha kitabu juu ya mimea iliyotokana na uchavushaji mtambuka, yaani iliyopata chavua ya mmea mwingine, akiilinganisha na mimea iliyotokana na kujichavusha. Mahindi yalikuwa miongoni mwa mimea hiyo. Alikuwa na jozi 15. Katika kila jozi mche mmoja ulitokana na uchavushaji mtambuka na mwenziwe ulitokana na kujichavusha. Miche hiyo ilikuwa ya umri mmoja na iliota katika chungu kimoja. Kisha akaipima urefu. Mwaka 1935 mtaalamu wa takwimu R. A. Fisher alizirudia namba hizo katika kitabu chake cha upangaji wa majaribio, na tangu hapo zimekuwa mfano mashuhuri.

Tukichukua urefu wa mche mtambuka na kutoa urefu wa mwenziwe, tunapata tofauti zifuatazo, zikihesabiwa kwa thumuni za inchi:

49, −67, 8, 16, 6, 23, 28, 41, 14, 29, 56, 24, 75, 60, −48.

Namba 13 ni chanya: katika jozi hizo mche mtambuka ulikuwa mrefu zaidi. Namba mbili ni hasi: katika jozi hizo mche wa kujichavusha ulishinda, tena kwa kiasi kikubwa. Jumla ya tofauti zote ni 314, na wastani wake ni 20.933, yaani zaidi kidogo ya inchi mbili na nusu.

Lakini wastani peke yake haukati shauri. Hapana budi tujiulize: je, wastani huu ungeweza kutokea kwa bahati tu, hata kama aina hizi mbili za mbegu hazitofautiani? Njia ya kulijibu swali hili ilichapishwa mwaka 1908 na William Gosset, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, naye akatumia jina la "Student". Tunagawa wastani kwa kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi wastani unavyoweza kuyumba kwa sababu ya bahati. Katika namba za Darwin kosa sanifu ni 9.746. Kwa hiyo t ni 20.933 ikigawiwa kwa 9.746, nayo ni 2.148.

Sasa fikiri juu ya mwanafunzi ambaye, kwa kuzichukia namba hasi, ameandika 67 badala ya −67 na 48 badala ya −48. Jumla yake itakuwa 544, wastani 36.27, na kosa sanifu litashuka hadi 5.69. Thamani ya t itaruka kutoka 2.148 hadi 6.38. Ushahidi uliokuwa mwembamba umegeuka kuwa mlima, na sababu ni mistari miwili mifupi iliyopotea. Jozi mbili zilizopinga dai la Darwin zimelazimishwa kulishuhudia! Hivyo ndivyo ilivyo kosa la hatua ya kwanza: kufuta alama katika vipimo ni sawa na kubadili maneno ya shahidi mahakamani.

Hatua ya pili: mbele ya jedwali

Tuseme sasa wanafunzi wawili wamepewa namba hizohizo. Asha anatoa urefu wa mche wa kujichavusha kutoka ule wa mtambuka, kama tulivyofanya, akapata 2.148. Juma anatoa kinyume chake, mtambuka kutoka ule wa kujichavusha, akapata −2.148. Nani kakosea? Hakuna. Mahindi ni yaleyale, vyungu ni vilevile. Kilichobadilika ni mpangilio wa kutoa tu.

Jedwali la t, kwa jozi 15 na kwa kiwango cha asilimia 5 kikigawanywa pande mbili, linatoa mpaka wa 2.145. Asha ameuvuka kwa unywele. Juma naye, akilinganisha −2.148 na 2.145 bila kufikiri, atasema kwamba namba yake ni ndogo mno, na kwamba hakuna tofauti. Hapo wanafunzi wawili wenye vipimo vilevile watakuwa wametoa hukumu mbili zinazopingana, jambo lisilowezekana katika sayansi iliyo sawasawa.

Ufumbuzi wake hupatikana kwa kuchora. Grafu ya t ina umbo la kengele, na kilele chake kipo kwenye sifuri. Ikiwa nadharia tete ya kutokuwapo tofauti ni ya kweli, majibu mengi yataangukia karibu na sifuri, na machache yataangukia mbali, ama kulia ama kushoto. Jedwali huchapisha upande wa kulia peke yake kwa kuwa pande hizo mbili zinafanana kama viganja vya mikono. Mpaka wa kushoto, ambao jedwali halikuuandika, ni −2.145. Juma amewekwa upande wa kushoto, naye ameuvuka mpaka wake kwa kiasi kilekile alichovuka Asha. Ndiyo maana katika hatua hii tunaweza kuiweka alama kando na kulinganisha ukubwa. Hatufanyi hivyo kwa sababu alama haina maana, twafanya hivyo kwa sababu swali letu lilikuwa "je, kuna tofauti?", wala halikuwa "tofauti imeelekea wapi?"

Fisher mwenyewe alilitazama jambo hili kwa njia ambayo naipenda kwa sababu inaipa alama heshima yake. Aliuliza hivi: ikiwa mbegu hazitofautiani, basi kila tofauti katika orodha ile ingeweza kuwa chanya au hasi kwa bahati tu, kama sarafu inavyoangukia upande huu au ule. Kwa jozi 15 kuna namna 32,768 za kupanga alama hizo. Ni katika namna ngapi jumla ingefikia 314 au zaidi, au −314 au chini yake? Ni 1,726, yaani asilimia 5.27. Jedwali la t linatoa asilimia 4.97. Majibu mawili yanakaribiana sana, ingawa moja limeangukia upande huu wa asilimia 5 na jingine upande ule. Hilo nalo ni fundisho: mpaka wa asilimia 5 ni desturi ya watu, si ukuta uliojengwa na maumbile.

Hatua ya tatu: hukumu

Nafika sasa kwenye hatua ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mwanafunzi ameishavuka jedwali. Amegundua kwamba tofauti ipo. Anaandika: "Nadharia tete imekataliwa, tofauti ina maana ya kitakwimu." Kisha anafunga daftari. Hajasema ni mbegu ipi iliyo bora. Mkulima amsikilizaye atauliza, "Basi nipande ipi?", naye hatakuwa na la kujibu, kwa kuwa alama aliyoiweka kando amesahau kuirudisha.

Katika mahindi hasara ya usahaulifu huo ni gunia. Katika tiba ni uhai. Jaribio moja kubwa lililofanyika katika nchi zetu wenyewe litatuonyesha jambo hili.

Kwa miaka mingi watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vema mwilini walishauriwa kutiwa maji mengi ya mishipani kwa haraka. Hoja yake ilionekana wazi: mwili umeishiwa maji, basi urudishiwe upesi. Lakini katika hospitali zisizo na vyumba vya uangalizi maalumu, desturi hiyo haikuwa imepimwa sawasawa. Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza waliipima. Watoto 3,141 waligawiwa kwa bahati nasibu katika vikundi vitatu: wa kwanza walipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, wa pili dripu ya haraka ya albumini, na wa tatu hawakupewa dripu ya haraka, bali maji ya kiasi cha kawaida. Matibabu mengine yalikuwa sawa kwa wote. Jaribio hilo lilijulikana kwa kifupi kama FEAST, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011.

Katika saa 48 za mwanzo, walifariki watoto 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, 111 kati ya 1,050 wa albumini, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya haraka. Tukiunganisha vikundi viwili vya kwanza, vifo ni 221 kati ya 2,097, yaani asilimia 10.54. Katika kikundi cha tatu ni asilimia 7.28.

Tufanye hesabu kwa mpangilio wa matumaini. Tulitarajia vifo vingi zaidi pasipo dripu ya haraka, kwa hiyo tunachukua kiwango cha kikundi cha tatu na kutoa kile cha waliopewa dripu. Tulitazamia namba chanya. Tunapata −3.26. Tukiigawa kwa kosa sanifu lake, ambalo ni kama 1.11, jibu ni karibu −2.94. Mpaka wa asilimia 5 kwa pande mbili katika sampuli kubwa kama hii ni 1.96. Jibu limevuka mbali sana, na uwezekano wa kulipata kwa bahati tu, upande wowote, ni kama 3 katika 1,000.

Sasa watazame wanafunzi wetu watatu. Wa kwanza angeshtuka na kudhani kwamba kompyuta imekosea. Wa pili angesema kwamba −2.94 ni ndogo kuliko 1.96, hivyo hakuna tofauti, na dripu ziendelee. Wa tatu angeifuta alama, angeona 2.94, na kwa kuwa kila mtu aliamini tangu mwanzo kwamba dripu ya haraka huokoa, angeandika kwamba sasa imethibitishwa! Wote watatu wangewaacha watoto katika hatari. Kwa maana alama ile ilikuwa inasema jambo zito: katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, walifariki watatu hivi zaidi kuliko katika 100 ambao hawakutiwa. Watafiti wenyewe hawakuipuuza. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia matokeo ilishauri usajili wa watoto usimamishwe Januari 2011, kabla ya kutimia idadi ya 3,600 iliyokuwa imepangwa.

Naongeza tahadhari, ili msomaji asichukue kisichosemwa. Jaribio hilo halikuwahusisha watoto wenye ugonjwa wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali, wala halikusema kwamba maji ya mishipani ni sumu. Lilipima namna moja ya kuyatoa, kwa wagonjwa wa aina moja, katika hospitali za aina moja. Kusoma alama vizuri ni pamoja na kutambua mipaka ya swali lenyewe.

Upande mmoja au pande mbili?

Hapa baadhi ya walimu watanipinga. Watasema: "Vitabu vinaruhusu jaribio la upande mmoja. Ikiwa ninachotaka kujua ni kama mbolea inaongeza mavuno, kwa nini nijisumbue na upande wa kupungua?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba jaribio la upande mmoja lipo, na kwamba katika jaribio hilo alama haiwekwi kando hata kidogo. Ikiwa mpaka ni 1.645 upande wa kulia, jibu la −2.94 halijauvuka, na mwanafunzi asemaye "nadharia tete haikukataliwa" amefuata kanuni bila dosari.

Lakini tazama alichokipoteza. Katika mfano wa dripu, jaribio la upande mmoja lililoelekezwa kwenye faida peke yake lingetoa uwezekano wa 0.998, na ripoti ingesema kwa upole kwamba "ushahidi wa faida haukupatikana". Sentensi hiyo ni ya kweli, ila imeficha madhara. Mtu aliyemwuliza mlinzi kama mgeni ameingia kwa mlango wa mbele atajibiwa "hapana", hata kama mwizi ameishaingia kwa mlango wa nyuma.

Si jambo la kubuni. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, madaktari waliamini kwamba dawa za kutuliza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio zingepunguza vifo vya watu waliokwisha kupata shambulio la moyo. Jaribio la kulithibitisha, liitwalo CAST, lilipangwa hapo mwanzo kwa mtazamo wa upande mmoja, maana ni wachache waliofikiri kwamba dawa hizo zaweza kuua. Mwaka 1989 matumizi ya dawa mbili kati ya zile zilizokuwa zikijaribiwa, encainide na flecainide, yalisimamishwa. Taarifa ya mwaka 1991 ilionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa hizo, na 26 kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mapigo ya moyo yalitulia, na wagonjwa wakafa.

Kwa hiyo nashauri hivi: jaribio la pande mbili liwe ndiyo desturi, na la upande mmoja liwe ni ruhusa maalumu, itolewayo pale tu ambapo matokeo ya upande wa pili hayatabadili uamuzi wa mtu yeyote. Tena uamuzi huo ufanywe kabla ya kuviona vipimo. Ni ulaghai kuitazama alama kwanza, kisha kuchagua upande ulioangukia, maana kwa kufanya hivyo asilimia 4.97 ya Darwin yaweza kushushwa hadi kama 2.5 pasipo kupanda hata punje moja ya mahindi.

Namba zisizokubali kuwa hasi

Zipo pia namba ambazo, zikitoka hasi, mwanafunzi anayo haki ya kushtuka. Uwezekano hauwezi kuwa chini ya sifuri wala zaidi ya 1. Jumla ya miraba haiwezi kuwa hasi, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Kwa hiyo kipimo cha kai-mraba, ambacho huundwa kwa miraba, hakiwi hasi kamwe.

Hata hivyo hasi ya namna hii huweza kujitokeza kwa sababu ya kukadiria. Chukua vipimo vitatu: 100.1, 100.2 na 100.3. Wastani ni 100.2, na jumla ya miraba ya tofauti ni 0.02. Kanuni ya mkato hutuambia tujumlishe miraba ya vipimo, kisha tutoe mara tatu ya mraba wa wastani, yaani 30,120.12. Mwanafunzi aliyekadiria miraba yake kuwa 10,020, 10,040 na 10,060 atapata jumla ya 30,120, na jibu lake litakuwa −0.12. Hapa namba hasi ni kengele ya hatari: haisemi lolote juu ya maumbile, yasema juu ya daftari. Basi mwanafunzi ajifunze kutofautisha: kuna hasi iletayo habari na kuna hasi iletayo onyo.

Na kuna fundisho la kinyume chake. Kwa vile kai-mraba ni miraba, chenyewe huimeza alama. Tukiufanyia mraba ule −2.94 wa dripu tunapata 8.64, ambayo inauvuka mpaka wa 3.84. Kai-mraba inatangaza kwamba vikundi vinatofautiana, lakini haisemi ni kikundi kipi kilichofiwa zaidi. Mtafiti hana budi kurudi kwenye hesabu ya vifo vyenyewe na kusoma.

Ombi kwa walimu

Mambo haya hayahitaji kungojea chuo kikuu. Mwalimu wa sekondari aweza kuyaanza kwa sarafu na ubao. Jaribio kongwe kabisa la takwimu ni la alama tupu: mwaka 1710 daktari John Arbuthnot alionyesha kwamba katika miaka 82 mfululizo watoto wa kiume waliobatizwa London walizidi wa kike kila mwaka, akauliza sarafu ingewezaje kuangukia upande mmoja mara 82. Wanafunzi wanaweza kufanya vivyo hivyo na mahindi ya Darwin. Wazitupe namba, wabaki na alama: 13 chanya, 2 hasi. Namna za kupata hasi mbili au chini yake ni 1, kuongeza 15, kuongeza 105, yaani 121. Pande mbili ni 242 kati ya 32,768, ambazo hazifiki hata asilimia 1. Kisha waulizwe kwa nini jibu hili lina nguvu kuliko lile la t. Watagundua wenyewe kwamba alama tupu hazioni jinsi ile −67 ilivyo kubwa.

Halafu darasa ligawanywe pande mbili. Wapande kunde katika makopo, jozi kwa jozi, kopo moja na samadi na la pili bila samadi. Baada ya majuma matatu nusu moja itoe hivi, nusu ya pili itoe kinyume, na kila upande uandike hukumu yake kwa sentensi kamili ya Kiswahili isiyokuwa na neno "hasi" wala "chanya" ndani yake: "Kunde zilizotiwa samadi zilirefuka zaidi kuliko zisizotiwa, kwa wastani wa kiasi fulani." Ikiwa sentensi za pande zote mbili zinalingana, wameelewa. Zikipingana, warudi kwenye vipimo vyao.

Nawaomba pia wasahihishaji wa mitihani wasitoe maksi zote kwa jibu liishialo na "nadharia tete imekataliwa". Hiyo ni nusu ya sentensi. Ibaki maksi moja, hata ikiwa ni moja tu, kwa mwanafunzi asemaye ni upande upi, kwa kiasi gani, na kwa faida ya nani. Wauguzi, mabwana shamba na wachumi wa kesho wamo madarasani leo, na kila mmoja wao siku moja atawekewa mbele yake karatasi yenye namba iliyotanguliwa na mstari mfupi. Wajue kuusoma.